Soma Wati Kabla ya Kulipa

Chukua laptopu mbili zilizopangwa sambamba kwenye kaunta ya duka la Kariakoo, au la Luthuli Avenue jijini Nairobi. Zote mbili zina kibandiko cha RTX 4050. Zote zina RAM ya GB 16 na SSD ya GB 512, na bei zimepishana kidogo tu. Muuzaji atakwambia ni mamoja, chagua rangi. Lakini zifungulie gemu ileile ya mpira, na moja itateleza laini dakika zote tisini, huku nyingine ikikwamakwama kila wachezaji wanaposongamana golini kusubiri kona.

Muuzaji hajakudanganya. Chipu ya kuchora picha ni ileile ndani ya zote mbili. Ila kampuni ya NVIDIA inaviruhusu viwanda vya laptopu kuilisha chipu hiyo umeme wa kuanzia wati 35 hadi wati 115, kila kiwanda kwa kadiri ya umbo la mashine yake. Laptopu nyembamba huilisha kidogo ili isiungue. Laptopu nene, yenye feni mbili na matundu mapana, huishibisha. Jina ni moja, kazi ni mbili, na kibandiko kimekaa kimya kuhusu jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni joto. Anayetaka laptopu ya bei nafuu ya kuchezea gemu, ya kubeba begani kwenda chuo, kwa rafiki au kijijini likizo, anahitaji kuelewa kanuni chache za fizikia ambazo zimeitawala biashara hii kwa miaka ishirini iliyopita. Ukizielewa, majina na namba za madukani hazikubabaishi tena, na pesa yako inakwenda mahali inapofanya kazi.

Ahadi ya mwaka 1974

Kila chipu imejaa transista, yaani swichi ndogo sana zinazowaka na kuzima. Mwaka 1965 Gordon Moore, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Intel, alieleza kwamba idadi ya transista zinazoweza kupangwa kwenye chipu moja inaongezeka maradufu kila baada ya muda mfupi. Kanuni ya Moore inajulikana na wengi. Kanuni nyingine, iliyoifanya ile ya Moore iwe na faida, inajulikana na wachache.

Mwaka 1974 mhandisi wa IBM, Robert Dennard, akiwa na wenzake, alionyesha kwa hesabu kwamba ukiipunguza transista kwa vipimo vyake vyote, na ukapunguza volti zake kwa kiasi hichohicho, itawaka na kuzima haraka zaidi huku ikila umeme kidogo zaidi. Upungufu huo wa umeme unalingana na upungufu wa eneo. Maana yake ni kwamba unaweza kujaza transista nyingi zaidi mahali palepale, ukaziendesha kwa kasi zaidi, na chipu isizidi joto lake la zamani. Dennard ndiye pia aliyebuni aina ya kumbukumbu iliyomo katika RAM za leo, kwa hiyo kazi ya mikono yake imo mara mbili katika kila laptopu.

Kwa karibu miaka thelathini ahadi hiyo ilitimia. Prosesa ya Intel 386 ilitoka mwaka 1985 ikienda kwa megahezi 16. Mwaka 2004 Pentium 4 ilikuwa imefika megahezi 3,800, ongezeko la zaidi ya mara 200. Mnunuzi wa wakati ule alikuwa na kazi nyepesi: aliangalia gigahezi, akachukua kubwa kuliko zote anazoweza kuzilipia.

Kisha ikagota. Volti haziwezi kupunguzwa bila kikomo, kwa sababu transista inayofanya kazi kwa volti ndogo mno haizimi sawasawa. Umeme huvuja hata inapokuwa imezimwa, na kadiri unavyosogeza kizingiti chini, uvujaji hupanda kwa kasi kubwa. Volti zilipokaribia moja, zikagoma kushuka. Transista ziliendelea kuwa ndogo na nyingi, lakini joto nalo likaanza kurundikana. Mwaka huohuo wa 2004 Intel iliachana na Pentium 4 ya gigahezi 4 iliyokuwa imeahidiwa. Tangu hapo imepita miaka ishirini, na hata prosesa kali za mezani bado hazijafika mara mbili ya kasi ile ya 2004.

Ndiyo maana leo gigahezi kwenye kibandiko haziongei kitu. Zile 4.5 au 5 unazosomewa dukani ni kasi ya mbio fupi, ya sekunde chache kabla joto halijapanda. Gemu inachezwa kwa saa nzima. Baada ya dakika kadhaa prosesa inapofika nyuzi 95 au 100 za sentigredi, inajipunguzia kasi yenyewe ili isiharibike. Kasi utakayoishi nayo ni ile inayobaki baada ya hapo, na inaamuliwa na wati ngapi za joto mashine inaweza kuzitoa nje.

Kwa nini kupunguza kidogo kunaokoa kingi

Kuna habari njema katika fizikia hiihii, na ndiyo inayomfaa mtu wa bajeti ndogo. Umeme unaoliwa na chipu hufuata zao la volti kuzidishwa kwa volti, kisha kuzidishwa kwa kasi. Ukiipunguza kasi kwa asilimia 20, na volti zikashuka kwa asilimia 20 pamoja nayo, ulaji wa umeme hauporomoki kwa asilimia 20. Unabaki karibu nusu: 0.8 mara 0.8 mara 0.8 ni 0.51. Umepoteza moja ya tano ya kasi, umeokoa nusu ya joto.

Igeuze hesabu hiyo upate maana yake dukani. Wati za kwanza unazoipa chipu ndizo zenye faida kubwa. Kutoka wati 35 kwenda 70 utaiona tofauti kwa macho. Ukiendelea kupanda kuelekea juu kabisa, kila wati unayoongeza inaleta nyongeza ndogo ya fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, na joto jingi zaidi. Laptopu za bei ya juu zimejengwa kufukuza nyongeza hiyo ya mwisho: shaba zaidi, feni kubwa zaidi, chaja yenye uzito wa tofali. Mwenye bajeti ndogo hana sababu ya kuililia. Sehemu nzuri ya mlima huu ni katikati, na katikati ndiko bei inakoanza kuwa ya kibinadamu.

Hapa ndipo herufi za mwisho wa jina la prosesa zinapokuwa na kazi. Kwa Intel, U kwa kawaida ni prosesa iliyobuniwa kwa takriban wati 15, na H kwa takriban 45. AMD nao hutumia U na H, na HS iko kati yao. Mara nyingi prosesa ya i5 yenye H inaishinda i7 yenye U gemu inapochukua muda mrefu, kwa sababu ina nafasi ya kupumua.

Kwenye soko la mtumba mtego wa majina ni mkali zaidi. Prosesa ya i7-7500U ya mwaka 2016 ina viini viwili tu vya kazi. Ile ya i5-8250U iliyokuja mwaka uliofuata ina viini vinne, na zote ni za wati 15. Ukiwekewa mezani laptopu mbili, moja imeandikwa i7 na nyingine i5, utavutwa na saba, nayo ndiyo dhaifu. Soma tarakimu inayofuata kistari: 7 ni kizazi cha saba, 8 ni cha nane, na namba mbili za mwanzo kama 11 au 12 ni vizazi vya karibuni. Kizazi cha nane ni mpaka muhimu kwa sababu nyingine pia. Windows 11 haizitambui rasmi prosesa za kawaida za Intel zilizo chini yake, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Bomba lenye tone la maji

Fungua kifuniko cha chini cha laptopu ya gemu kwa fundi wako na utaona mabomba bapa ya shaba yakitoka kwenye prosesa na chipu ya picha kwenda kwenye feni. Wengi hudhani ni shaba nzima. Ndani yake mna uwazi, utambi mwembamba uliobandikwa kwenye kuta, na maji kidogo sana, na hewa yote imefyonzwa.

Wazo la bomba la aina hiyo lilipewa hataza Marekani mwaka 1944, kwa Richard Gaugler wa General Motors aliyekuwa akifikiria majokofu, likasahaulika. Mwaka 1963 George Grover wa maabara ya Los Alamos alilifikia tena kwa njia yake, akalijenga na kulipima, na ndipo dunia ikalijua. Lilipata kazi kwanza kwenye vyombo vya anga, kisha likashuka hadi kwenye begi lako.

Namna linavyofanya kazi inapendeza. Kwa kuwa hewa imetolewa, maji yale huchemka kwa joto la chini sana kuliko nyuzi 100. Upande uliogusana na prosesa maji hugeuka mvuke, mvuke hukimbilia upande wa baridi penye feni, hugeuka maji tena na kuachia joto lake pale, kisha utambi huyarudisha maji yalikotoka. Gramu moja ya maji inapogeuka mvuke hubeba zaidi ya jouli 2,200. Ili kuondoa wati 45, inatosha fungu moja la hamsini la gramu kugeuka mvuke kila sekunde. Hakuna pampu wala kifaa kinachozunguka ndani ya bomba, na bomba zima linapitisha joto mara nyingi zaidi ya kipande cha shaba cha ukubwa huohuo.

Lakini bomba halimezi joto, linalihamisha tu. Mwisho wa safari ni feni na hewa ya chumba chako, na hapo kwetu pana jambo ambalo majaribio ya ughaibuni hayatuambii. Kiasi cha joto kinachoweza kutolewa hufuata tofauti kati ya joto la chipu na joto la hewa. Tuseme chipu imewekewa kikomo cha nyuzi 95. Aliyeijaribu kwenye chumba cha nyuzi 20 ana tofauti ya nyuzi 75 za kufanyia kazi. Wewe uliyekaa sebuleni Dar es Salaam mchana wa Februari, hewa ikiwa nyuzi 32, una tofauti ya 63. Kwa feni ileile na mabomba yaleyale, uwezo wa kutoa joto umepungua kwa takriban asilimia 16. Laptopu nyembamba iliyosifiwa kwamba inamudu kwa shida huko, hapa haitamudu. Mkazi wa Mombasa, Tanga au Muscat anunue mashine nene kidogo kuliko ile inayomtosha mtu wa Mbeya au Limuru.

Kwa sababu hiyo, kabla hujauliza bei, ipindue laptopu. Angalia matundu ya chini yanakoingilia hewa, na ya nyuma au pembeni inakotokea. Mashine yenye mlango mmoja mdogo wa kutolea hewa, hata iwe na jina kubwa namna gani, imeshakueleza kikomo chake. Kama ni ya mtumba, mulika matundu kwa tochi ya simu. Vumbi lililoganda kama pamba kwenye mapezi ya shaba linarekebishika kwa bei ya fundi, lakini linakupa haki ya kupunguziwa.

Kumbukumbu ina milango

Sasa tuje kwa yule asiyeweza kulipia laptopu yenye kadi ya picha ya peke yake. Si lazima akate tamaa. Chipu za picha zilizojengwa ndani ya prosesa zimekua sana. Radeon 680M ya AMD iliyokuja mwaka 2022, na 780M iliyoifuata mwaka 2023, zinaendesha gemu nyingi maarufu kwa kiwango cha kuridhisha, bila kadi nyingine na bila uzito wake. Iris Xe ya Intel, iliyoanza na kizazi cha 11 mwaka 2020, iko nyuma ya hizo lakini inatosha kwa gemu za mpira na za mashindano zisizo nzito.

Hizi zina udhaifu mmoja mkuu, nao hutibika kwa bei ndogo. Kadi ya picha inayojitegemea ina kumbukumbu yake iliyo karibu nayo na yenye kasi. RTX 4050 ya laptopu husoma takriban gigabaiti 192 kwa sekunde. Chipu iliyomo ndani ya prosesa hukopa RAM ya kawaida, na kipande kimoja cha DDR4 cha kasi ya 3200 hutoa gigabaiti 25.6 tu kwa sekunde. Ni kama daladala la abiria sitini lenye mlango mmoja: injini ni nzima, lakini kituoni kila mtu anangoja. Weka vipande viwili, milango inakuwa miwili, na upana unafika 51.2.

Jambo hili linaonekana kwa macho. Kwenye laptopu za Iris Xe zenye RAM ya kipande kimoja, Windows hukuandikia kuwa una Intel UHD Graphics, jina la chini. Chomeka kipande cha pili na jina lenyewe linabadilika kuwa Iris Xe, kwa sababu Intel imeweka sharti kwamba jina hilo litumike tu pale milango miwili inapofanya kazi.

Kwa hiyo GB 16 za vipande viwili vya nane na GB 16 za kipande kimoja ni vitu viwili tofauti kwa mchezaji wa gemu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye ukurasa wa Performance, kisha Memory. Utasomewa nafasi ngapi zimetumika kati ya ngapi. Ikiwa ni moja kati ya mbili, hiyo ni habari njema, maana kipande cha pili utakinunua baadaye. Ikiwa RAM yote imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao bila nafasi ya kuongeza, na ni GB 8, iache. Haitaongezeka kamwe, na chipu ya picha itakuwa inakula humohumo.

Picha unayohitaji kweli

Kazi ya chipu ya picha inahesabika. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli milioni 2.07. Ya 1280 kwa 720 ina pikseli 921,600, chini ya nusu. Skrini ya 4K ina milioni 8.3, mara nne ya ile ya kwanza. Kwa fremu 60 kila sekunde, chipu ina milisekunde 16.7 za kukamilisha picha moja. Kwa fremu 30 ina milisekunde 33.3.

Mfano mzuri wa kuiheshimu hesabu hii ni Steam Deck, mashine ya mkononi iliyotolewa na Valve mwaka 2022. Chipu yake hutumia wati 4 hadi 15 pekee, betri yake ya kwanza ilikuwa na wati-saa 40, na uzito wake gramu 669. Bado inacheza gemu kubwa za kompyuta. Siri iko wazi: skrini yake ni ya 1280 kwa 800, ambayo ni nusu ya pikseli za laptopu ya kawaida, na kumbukumbu yake ni pana, gigabaiti 88 kwa sekunde katika toleo la kwanza. Waliipima kazi kwanza, kisha wakachagua nguvu inayolingana nayo.

Fanya vivyo hivyo. Andika gemu unazocheza kweli. Kama ni eFootball, Valorant, Counter-Strike 2, Minecraft na GTA V ya mwaka 2013, prosesa yenye 680M na RAM ya vipande viwili inakutosha kwenye 1080 ya mipangilio ya kati au ya chini, au ukishuka kwenye 720 kwa zile nzito. Kama ni gemu mpya kubwa za hadithi, tafuta kadi yenye kumbukumbu yake ya GB 6 au zaidi. RTX 3050 za GB 4 zimejaa sokoni na bei yake inavutia, lakini gemu nyingi mpya huzijaza GB hizo, na zikijaa picha huanza kushtuka. Skrini ya hezi 144 au 165 ni nzuri kwa mwenye chipu ya kuilisha. Wa bajeti ndogo ailipie skrini yenye rangi nzuri, fremu 60 zitamtosha.

Kuna ugunduzi mwingine uliokuja kumsaidia mnyonge. Programu kama DLSS ya NVIDIA na FSR ya AMD huchora picha kwa pikseli chache kisha huikuza kwa hesabu za kijanja hadi ijae skrini. FSR inafaa zaidi kwa wengi wetu kwa kuwa matoleo yake ya awali hufanya kazi hata kwenye chipu za zamani na za kampuni nyingine. Gemu ikiwa nayo, iwashe kwenye kiwango cha ubora. Kwenye skrini ya inchi 15 kuiona tofauti ni kazi.

Betri na ukweli wa kubeba

Betri za lithiamu-ioni ziliingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia kwa msingi wake. Tangu 1991 nishati inayobebwa na kilo moja ya betri imeongezeka takriban mara tatu. Katika miaka hiyohiyo chipu zilitoka transista milioni 1.2 za Intel 486 hadi bilioni 25 za prosesa za AMD zenye 780M, zaidi ya mara elfu ishirini. Pengo hilo halizibiki kwa tangazo. Chipu zinaweza kula kuliko betri inavyoweza kulisha.

Hesabu ni ya kugawanya tu. Betri ya wati-saa 50 ikiendesha mashine inayokula wati 50 hudumu saa moja. Mashine ya wati 100 itaimaliza kwa nusu saa, na kabla haijaimaliza itajipunguzia nguvu, kwa sababu betri haziruhusiwi kutoa umeme mwingi hivyo kwa mkupuo. Wala huwezi kubebeshwa betri kubwa upendavyo: mashirika ya ndege huweka mpaka wa wati-saa 100 kwa betri unayopanda nayo bila kibali, ndiyo maana hata laptopu ghali huishia 99.

Kwa hiyo jiulize unabeba ili ucheze wapi. Ukicheza penye soketi, hosteli au kwa ndugu, kadi yenye nguvu inakufaa, na betri ni ya kukuokoa umeme ukikatika katikati ya mechi. Ukicheza safarini, kwenye basi la Dodoma au mahali pasipo umeme, prosesa ya wati 15 hadi 28 yenye chipu nzuri ya picha ndani yake itakupa muda mrefu zaidi, wakati ile ya kadi kubwa imekwisha kitambo.

Dukani, chaja mkononi

Mwombe muuzaji chaja kabla ya kitu kingine. "Kaka, nionyeshe chaja yake yenyewe." Igeuze, soma palipoandikwa Output, zidisha volti kwa ampea. Volti 19.5 mara ampea 3.33 ni wati 65: hiyo ni mashine ya ofisi hata kama kibodi inawaka rangi saba. Volti 20 mara 6.75 ni wati 135: hapo kuna kadi ya picha inayolishwa kwa kiasi. Volti 20 mara 11.5 ni wati 230: hiyo ni ya gemu haswa, na uzito wake utausikia begani. Chaja haiwezi kutoa kisichokuwamo, kwa hiyo haiwezi kukudanganya, mradi iwe ya mashine hiyo. Kama umepewa ya kuazima kutoka droo ya chini, mashine itacheza kwa njaa.

Kama ina kadi ya NVIDIA, fungua kisanduku cha amri, andika nvidia-smi, na mara nyingi utaona kikomo cha wati kimeandikwa pale. Kwa mtumba, andika pia powercfg /batteryreport. Ripoti huhifadhiwa kama faili; ukiifungua ina mistari miwili ya kulinganisha: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake leo. Ikiwa ilizaliwa na 50,000 na leo ina 31,000, imebaki asilimia 62, nawe una hoja ya kushusha bei au bajeti ya betri mpya. Kisha omba gemu ifunguliwe na iachwe ikichezwa dakika kumi na tano, wewe ukisikiliza feni na kutazama kama fremu zinaporomoka. Muuzaji mwema hatakasirika.

Ukishainunua, itunze kwa fizikia ileile. Usiiweke kitandani, godoro huziba matundu. Inyanyue nyuma kwa kitabu. Weka kikomo cha fremu 60 kwenye gemu, na utashangaa feni inavyotulia, kwa kuwa umeizuia chipu kuchora picha ambazo skrini haizionyeshi. Isafishe vumbi na uibadilishie pesti ya joto kila inapozidi kelele. Na kuhusu umeme wa LUKU usihofu: mashine ya wati 100 hutumia uniti moja kwa saa kumi za kucheza.

Vijana wengi wa kwetu wanajifunza kompyuta kwa kupitia gemu. Anayejua kwa nini fremu zimeshuka ameshaanza kuelewa kumbukumbu, umeme na joto, na hapo si mbali na kuandika programu au kuwa fundi. Mzazi anayenunua, au kijana aliyejinyima chakula cha mchana kwa mwaka, asinyang'anywe pesa hiyo na jina lililobandikwa kwenye plastiki. Dennard na Grover waliandika kazi zao hadharani, na hesabu yake ni ya kuzidisha na kugawanya tuliyofundishwa shule ya msingi. Tuitumie. Uliza wati, pindua mashine uone inakopumulia, hesabu vipande vya RAM, soma betri, ndipo utoe pesa mfukoni.